Losheni ya maziwa ya mbuzi iliyochacha: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mtwara

Mama wa kisa hiki anaishi Chikongola, Mtwara mjini. Ana miaka 30 na ushee, anakamua mafuta ya nazi mwenyewe na anauza sabuni ya maji kwa majirani na kwenye saluni za mtaani. Ameniruhusu nikiandike kisa chake ili wengine wanaotengeneza vipodozi nyumbani wajifunze, na jina lake nimeliacha kando.

Mwezi Februari, joto na mvua vikiwa vimekutana, aliongeza bidhaa mpya: losheni ya maziwa ya mbuzi. Wateja walikuwa wameona losheni za namna hiyo kwenye simu na wakawa wanaziulizia. Jirani yake anafuga mbuzi, kwa hiyo maziwa hayakuwa shida. Aliyachemsha mpaka yakafura, akayaepua yapoe. Kando yake akayeyusha mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta na kipande cha nta ya nyuki, kisha akawa anamimina maziwa humo taratibu huku akipiga kwa mashine ya keki. Mchanganyiko ukawa mweupe, mzito, wa kupendeza. Akatumbua vidonge vya vitamini E, akadondoshea mafuta ya karafuu kwa ajili ya harufu, akajaza makopo. Baadhi ya makopo yalikuwa mapya, mengine yalikuwa ya losheni za dukani aliyoyaosha kwa sabuni na kuyaanika.

Siku mbili za kwanza alipokea sifa tupu. Siku ya tano mwenye saluni alimpigia kusema kopo lake limetoa maji chini na juu limebaki na chengachenga. Baada ya hapo bibi mmoja wa mtaa wa pili akarudisha lake akisema, "Mwanangu, mafuta yako yananuka mtindi." Kopo la tatu lilikuwa na madoa ya kijani kandokando ya mfuniko. Wa nne kurudi alikuwa binti aliyenyoa miguu jioni na kuipaka losheni usiku uleule. Keshokutwa yake alikuwa na vipele vyenye usaha kila penye unywele. Zahanati walimwambia mashina ya nywele yamepata maambukizi, wakampa dawa.

Mtaani neno lililozuka mara moja ni mkorogo. Ukisikia mtu kaharibika ngozi kwa mafuta ya kununua kwa jirani, watu hufikiria haraka zebaki na haidrokwinoni, na wana haki ya kufikiria hivyo kwa sababu madawa hayo yameumiza wengi. Lakini ndani ya makopo haya hapakuwa na dawa yoyote ya kung'arisha ngozi. Kila kilichomo kinalika. Na hapo ndipo penye kiini cha kisa chote, kwa sababu huyu mama alijilinda mbele yangu kwa hoja hiyohiyo: "Mwalimu, mimi sikuweka kemikali hata moja. Ni maziwa, nazi, ufuta na nta. Itamdhuruje mtu?"

Jibu ni kwamba kinacholika na binadamu kinalika pia na bakteria na kuvu. Maziwa ya mbuzi yana maji karibu asilimia 87, na ndani ya maji hayo mna sukari, protini, mafuta na madini. Uchachu wake ni mdogo sana, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, ni kama 6.6 hadi 6.8, na vijidudu vingi hustawi hapo. Hakuna mtu wa Mtwara anayeweza kuacha bakuli la maziwa mabichi mezani siku tano mwezi Februari kisha akayanywa. Maziwa yaleyale yakipigwa pamoja na mafuta na kufungiwa kwenye kopo zuri lenye lebo hayabadiliki tabia. Yanabaki kuwa maziwa yaliyoachwa mezani.

Alikuwa ameyachemsha, na hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi mno. Viwandani maziwa hupashwa moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, yakawa salama kunywa. Hata hivyo maziwa hayo huhifadhiwa kwenye ubaridi na huisha muda wake baada ya siku chache. Zipo bakteria zinazotengeneza mbegu ngumu zisizokufa hata kwa kuchemka, nazo huamka maziwa yakipoa. Na hata kama zote zingekufa, baada ya kuepuliwa maziwa yalikutana na mwiko, vyuma vya mashine ya keki iliyokuwa imetoka kupiga mayai, makopo yaliyowahi kutumika, na mwisho vidole vya wateja. Mtu anatoka kuoga, mkono una maji, anachota. Kila anapochota anapanda mbegu mpya.

Vitamini E nayo imewapoteza wengi, si yeye peke yake. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasiharibike kwa hewa, yale mafuta yanayoanza kunuka vibaya baada ya kukaa sana. Bakteria haiwagusi. Mafuta ya karafuu yana uwezo fulani wa kuua vijidudu, hilo ni kweli, lakini matone ya kutia harufu hayatoshi kulinda kopo, na ukiongeza mpaka yatoshe utaichoma ngozi ya mteja. Asali pia ilitajwa na mtu, kwamba haiozi. Haiozi ikiwa nzito kama ilivyotoka mzingani kwa sababu maji yake ni machache. Ukiichanganya na maziwa, umeongeza sukari tu kwenye chakula cha vijidudu.

Kuna kosa la pili ambalo halihusiani na uchafu, nalo ndilo lililofanya makopo yatoe maji. Nta ya nyuki peke yake haishikanishi maji na mafuta. Inafanya mafuta yawe mazito, na mashine ya keki inatawanya matone ya maji kwa muda, basi. Losheni ya kweli inahitaji kishikanishi, ile nta maalumu ya losheni inayouzwa na wauza malighafi za vipodozi, na pande zote mbili, ya maji na ya mafuta, zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana, kama nyuzi 70, wakati wa kuchanganywa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Maziwa yake yalikuwa yamepoa, kwa hiyo nta ilipokutana nayo ilianza kuganda papo hapo. Zile chenga alizoziona mwenye saluni ni nta. Na maji yaliyojikusanya chini ya kopo ndiyo yaliyokuwa shamba la vijidudu, lenye chakula chote ndani.

Jambo ambalo nataka msomaji alishike kuliko yote ni lile la makopo ambayo hayakurudishwa. Kulikuwa na wateja waliosema lao halina shida, linanukia karafuu, wanaendelea kulitumia. Harufu na madoa huja mwishoni. Bakteria kama zile za jamii ya Pseudomonas, zinazopenda vitu vyenye majimaji, zinaweza kuwa zimejaa kwenye losheni ambayo kwa macho na pua ni nzima kabisa. Kwenye ngozi ngumu isiyo na jeraha pengine hutaona kitu. Kwenye miguu iliyotoka kunyolewa, kidonda cha ukurutu, ngozi ya mtoto mchanga au mtu ambaye kinga ya mwili wake iko chini, mambo ni mengine. Kwa hiyo tuliamua yote yarudi, yanayonuka na yasiyonuka, na fedha za watu zirudishwe. Ilimuuma, maana faida ya mwezi iliondoka hapo. Alipouliza kama anaweza kuichemsha upya aiokoe, nilimkatalia. Ukiichemsha unaua baadhi ya vijidudu, lakini walichokwisha kukitoa kinabaki humo, maziwa yanakatika, na kesho yake wageni wapya wanaingia.

Nadhani alifanya jambo la heshima sana kwenda mwenyewe nyumbani kwa yule binti. Alimweleza mama yake kila kilichokuwa ndani ya losheni, bila kuficha, na zahanati ikajua inatibu nini. Mtengenezaji anayeficha mchanganyiko wake kwa kuogopa kuibiwa biashara anamnyima mganga habari anayoihitaji.

Baadaye, jioni moja tukiwa tumekaa barazani kwake, swali lake lilikuwa moja: "Kwa hiyo niache maziwa kabisa? Watu wameshanijua kwa maziwa." Mama mkwe wake akadakia, "Weka tui, mwanangu. Tui si la mnyama." Ni wazo ambalo lingemjia mtu yeyote wa mwambao, na nilimjibu kwa heshima zote: "Mama, tui la asubuhi ukilikuta jioni halijafunikwa wala kupashwa, linakuwaje?" Alicheka, akasema linachacha. Tui lina maji, sukari na protini kama maziwa ya mbuzi, na kwa joto letu pengine linatangulia kuharibika. Kutoka kwenye mmea hakulipi kinga yoyote.

Msimamo wangu, ambao nimeufikia kwa kuona kazi za kina mama wengi wa Mtwara na Lindi, ni huu: mtu anayetengeneza nyumbani, bila mzani wa kupima sehemu ya gramu na bila mahali pa kupeleka sampuli ikapimwe vijidudu, asiuze losheni yenye maziwa. Maziwa yaende kwenye sabuni ya kipande. Kinachokaa kwenye kopo na kupakwa kwa wiki nyingi kisiwe na tone la maji.

Sabuni inayafaa maziwa kwa sababu inayabadilisha. Kostiki soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inapokutana na mafuta inageuka sabuni, mafuta yaliyomo kwenye maziwa yanageuka nayo, na kipande kilichokauka kinabaki na pH ya kama 9 hadi 10 pamoja na maji kidogo sana. Vijidudu hawapati makazi humo. Sukari ya maziwa inaongeza povu. Sitamdanganya mteja kwamba vitamini za maziwa zimebaki zote salama baada ya kupita kwenye kostiki, na nilimwomba asiandike hivyo kwenye karatasi ya kufungia. Sabuni laini yenye povu zuri inatosha kujiuza.

Lakini kostiki soda haina msamaha, na hapa nakaa kidogo. Masufuria yetu mengi ni ya alumini, na kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ngumu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, watoto wasiwe karibu, fanyia mahali penye hewa. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji kumiminwa juu ya soda, kwani yanaweza kulipuka na kukurukia usoni. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, na ikiwa ni jichoni endelea dakika 15 hadi 20 kisha nenda hospitali. Usikimbilie siki wala ndimu. Na usipime kwa kijiko wala kwa kopo la maziwa. Kila mafuta yana kipimo chake: kilo moja ya mafuta ya nazi hudai takriban gramu 183 za kostiki soda, ilhali kilo ya mafuta ya ufuta hudai takriban gramu 134 tu. Ukibadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu, sabuni itawachoma watu. Baada ya kupata hesabu, punguza soda kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka.

Ukiitia kostiki kwenye maziwa ya moto, sukari yake inaungua, yanakuwa ya rangi ya chungwa mpaka kahawia na kutoa harufu kali ya amonia. Wanaotumia maziwa ya maji huyagandisha kwanza yawe barafu, kisha wanainyunyiza soda juu yake polepole. Kwa huyu mama, ambaye umeme ukikatika jokofu halimsaidii, nilipendekeza maziwa ya unga: kostiki iyeyushwe kwenye maji kama kawaida ipoe, unga ukorogwe vizuri ndani ya mafuta, ndipo vichanganywe. Vipande vikishakatwa vinakaa kwenye rafu yenye hewa wiki 4 hadi 6. Wakati wa mvua mimi hungoja zaidi.

Kwa upande wa mafuta mazito ya mwili, yale yanayoitwa bodi bata, hali ya hewa yetu ina la kusema. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Mtwara na Lindi ni maji karibu mwaka mzima, na mapishi yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi hayashiki huku. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hadi 38, siagi ya shia chini yake kidogo. Tulianza na gramu 50 za shia, 25 za mafuta ya nazi, 14 za ufuta, 10 za nta ya nyuki na gramu 1 ya vitamini E, jumla gramu 100. Hapa vitamini E iko mahali pake. Kila kitu kiliyeyushwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kwa uangalifu mvuke na matone visiingie. Kopo moja liliachwa dirishani mchana kutwa kuona kama litabaki na umbo lake. Lilipolegea, tuliongeza nta kidogo na kupunguza nazi.

Alitaka kutia maziwa ya unga humo ili jina la bidhaa lisipotee. Sikukubali. Unga wa maziwa hauyeyuki kwenye mafuta, unabaki kukwaruza ngozi, na siku mteja anapochota kwa kidole chenye maji unga unalowa na hadithi inaanza upya. Aidha, maziwa kwenye ngozi yenye ukurutu ya mtoto ni jambo la kuliogopa, kwani mwili unaweza kujifunza kuyakataa kupitia kwenye ngozi iliyochanika. Protini za maziwa ya mbuzi na za ng'ombe zinafanana sana, kwa hiyo mtoto anayedhurika na ya ng'ombe mara nyingi hudhurika na ya mbuzi pia. Ufuta nao una watu unaowadhuru, hivyo lazima uandikwe kwenye lebo. Na kwa kuwa huku ni kwa korosho, niongeze hili: mafuta ya ganda la korosho hayana nafasi kwenye kipodozi chochote. Waliowahi kubangua kwa mikono wanajua yanavyounguza.

Je, losheni ya maziwa haiwezekani kabisa? Inawezekana, kwa anayekubali gharama zake. Maji yawe safi yasiyo na madini, maziwa yawe ya unga na kidogo sana, asilimia 1 au 2 ya mchanganyiko, kishikanishi kiwe cha kweli, na kihifadhi kiwe kinachoua bakteria na kuvu kwa pamoja. Kimojawapo kinachotumika sana ni fenoksiethanoli, ambayo sheria za Ulaya zinaiwekea kikomo cha asilimia 1. Kwenye losheni ya gramu 100 hiyo ni gramu 1, na hapo ndipo mzani wa jikoni unaoruka gramu 5 kwa 5 unakuwa hatari: ukipunguza hailindi, ukizidisha inawasha. Vihifadhi vingine, kama benzoeti ya sodiamu, hufanya kazi vizuri kwenye pH ya 5 au chini yake, kwa hiyo karatasi za kupimia pH ni lazima. Maziwa na mafuta kwa wingi hukipa kihifadhi chochote kazi ngumu, na bila kipimo cha maabara huna njia ya kujua kama kimefaulu. Wanaosema kihifadhi ni sumu na losheni yao ya maziwa haina chochote na hudumu miezi sita, nawaomba kwa dhati waangalie miguu ya yule binti.

Kwa anayetaka kuuza zaidi ya mtaani, vipodozi Tanzania vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, jukumu hilo lilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iko Mtwara na Lindi na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo asiyejua taratibu. Makopo ya kurudia aliyaacha kabisa. Mapya huoshwa, hupanguswa kwa spiriti, hukaushwa kwa hewa bila kitambaa, na lebo ina tarehe ya kutengeneza, orodha kamili ya vilivyomo na maneno "chota kwa kijiko kikavu".

Mwenye saluni hata hivyo alisisitiza kwamba wateja wake wa harusi wanataka maziwa mwilini. Tulimpa njia isiyohitaji kopo: maziwa yaliyochemshwa na kupoa, vijiko kadhaa na kijiko cha mafuta ya nazi kwenye bakuli, yapakwe palepale kwenye ngozi isiyo na kidonda wala iliyonyolewa siku hiyo, yakae dakika 10 au 15, yaoshwe kwa maji na sabuni, ndipo mteja apakwe yale mafuta mazito. Kinachobaki kwenye bakuli kinamwagwa siku hiyohiyo, na anayefuata anachanganyiwa ya kwake.